Konekta za wenzo badala ya tepu: tathmini baada ya kuondoa soketi nyumbani Isevya, Tabora

Ni miezi saba sasa tangu konekta za wenzo zifungwe katika nyumba yetu ya Isevya, mjini Tabora, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu yeyote anayekusudia kuondoa soketi ukutani na anajiuliza nyaya zinazobaki ziungwe vipi. Konekta hizi ni vile vijisanduku vidogo vya plastiki inayoonyesha ndani, vyenye vishikio vya rangi ya chungwa, ambavyo kampuni ya WAGO ya Ujerumani huvitengeneza katika toleo lake la 221. Madukani hapa vijana wa kaunta huziita "wago" tu, hata kama zimetoka kiwanda kingine kabisa. Nitatathmini pia kazi ya fundi aliyezifunga, kwa sababu katika umeme kifaa hakiwezi kupimwa bila kuutazama mkono uliokifunga.

Niliitafuta huduma hii kwa sababu ya jambo dogo: seremala alikuwa anatutengenezea kabati la mninga la vyombo, na mahali pa kabati hilo ukutani palikuwa na soketi ambayo hatukuihitaji tena. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Fundi alipofika, baada ya kunisalimu na kuzunguka nyumba akigusa kila soketi kwa kiganja, alisimama chumbani kwa mama, mbele ya ukuta usiokuwa na soketi yoyote, akauliza, "Mama, ukuta huu huwa unapata joto mkipiga pasi?" Nilishtuka, kwani dada yangu alikuwa amelisema jambo hilohilo wiki mbili kabla, nami nikamjibu kwamba ni jua la mchana linaloupiga ukuta kwa nje.

Palikuwa na soketi pale hapo awali. Miaka minne iliyopita tulipopanua dirisha la chumba hicho, fundi mwingine aliyekuwa akisimamia ukarabati wote aliiondoa, akasuka ncha za nyaya pamoja, akazizungushia tepu nyeusi, akazisukuma ndani ya tundu, na jioni ileile akapiga lipu juu yake. Ukuta ulitoka laini, tukamlipa na kumshukuru. Rangi ya krimu iliyopakwa juu yake ilikuwa imeanza kugeuka hudhurungi, doa la ukubwa wa kisahani cha chai, na tulilichukulia kuwa ni unyevu.

Ninaomba msomaji avumilie maelezo ya kilichokutwa ndani, kwa sababu ndicho kilichonifanya niamini kwamba habari hii inafaa kuandikwa. Fundi alizima breka ya soketi, akathibitisha kwa kipimio kwamba hakuna umeme, kisha akabomoa lipu taratibu kwa patasi. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama lami, ikinata kwenye matofali. Ganda la waya mwekundu lilikuwa limekauka kiasi kwamba lilipukutika lilipoguswa, kama ganda la karanga iliyokaangwa. Shaba iliyokuwa ndani yake ilikuwa nyeusi, na kati ya nyuzi saba za waya ule, tatu zilikuwa zimekatika. Nyaya za ethi, yaani za kinga, zile za kijani na njano, hazikuwa zimeungwa kabisa. Kila moja ilikuwa imefungiwa tepu peke yake na kuachwa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 81, alikuwa akilala kila usiku kichwa chake kikiwa chini kidogo tu ya mahali hapo.

Nilimuuliza fundi kwa nini breka haikukata umeme, na jibu lake ndilo ninalotaka kila mwenye nyumba alielewe. Breka hukata pale mkondo unapozidi kiwango chake, au panapotokea shoti. Kiungo kibovu hakiongezi mkondo hata kidogo. Kinachofanya ni kuuwekea mkondo uleule wa kawaida kizuizi mahali pamoja, na kizuizi hicho hugeuza umeme kuwa joto. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha mkondo kwa mkondo, kisha zidisha kwa ukinzani, yaani ukubwa wa kizuizi hicho, unaopimwa kwa ohmu. Kiungo chenye ukinzani wa nusu ohmu kikipitisha ampea 10, kinazalisha wati 50 za joto, ndani ya tundu la ukuta lisilo na hewa, huku breka ikiona kila kitu ni shwari. Joto hilo huilainisha gundi ya tepu, shaba hutanuka na kunywea kila birika la umeme linapowashwa na kuzimwa, msokoto hulegea, ukinzani huongezeka, na joto huongezeka pamoja nao. Tepu ni kifaa kizuri cha kuzuia mtu asiguse waya, lakini haina nguvu ya kuzishika nyaya mbili zikae pamoja kwa miaka.

Soketi za nyumba yetu zimefungwa kwa mtindo ambao mafundi huuita ringi, yaani waya unatoka kwenye breka, unapita soketi moja baada ya nyingine, na kurudi kwenye breka ileile. Nyaya zake ni za milimita 2.5 za mraba na breka yake ni ya ampea 32. Waya wa ukubwa huo ukiwa ndani ya paipu ukutani hubeba takribani ampea 20 hadi 24, kutegemea ukuta na joto la mahali. Ringi nzima huweza kulindwa na breka ya 32 kwa sababu mkondo hugawanyika pande mbili. Kwa hiyo mtu anayeondoa soketi ya ringi akaziacha ncha bila kuziunga, akidhani amemaliza kwa kuwa soketi nyingine bado zinafanya kazi, anakuwa ameigawa ringi kuwa mikia miwili, na mkia mmoja unaweza kubebeshwa mzigo unaozidi uwezo wa waya bila breka kukata. Waya wa laivu, ule unaoleta umeme, uungwe na laivu mwenzake, nyutro, ule unaourudisha, na nyutro mwenzake, ethi na ethi mwenzake, zote tatu bila kuacha hata moja. Kwetu ethi ilikuwa imeachwa wazi, na soketi zilizobaki zilikuwa zikipata ethi kwa upande mmoja tu. Upande huo ungekatika popote, baadhi ya soketi zingebaki bila kinga, na hakuna taa yoyote ambayo ingezimika kutuonya.

Baada ya kuyaona hayo, fundi alikataa kutumia tepu wala konekta ya bisi, yaani inayobana waya kwa skrubu, kwa mahali pale, akanituma nikanunue konekta za wenzo zenye matundu mawili kila moja, tatu kwa kila soketi inayoondolewa.

Niseme wazi ninavyozipenda. Zimechapwa mwilini kwamba zinabeba ampea 32 na volti 450, na tundu lake hupokea waya wa hadi milimita 4 za mraba, uwe wa uzi mmoja mgumu au wa nyuzi nyingi, kiasi kinachotosheleza soketi za umeme wetu wa volti 230 bila wasiwasi. Waya humenywa milimita 11, wala si zaidi wala si pungufu, na kipimo hicho kimechorwa kwenye konekta yenyewe. Kishikio huinuliwa kwa kidole gumba, waya huingizwa hadi mwisho, kisha kishikio hurudishwa chini na mlio wake husikika. Baada ya hapo fundi alikuwa akivuta kila waya kwa nguvu ya wastani, na kunielekeza nichungulie kupitia plastiki nione kama shaba imefika mwisho na kama hakuna shaba iliyobaki nje. Hii ndiyo sifa ninayoiweka mbele ya nyingine zote: mimi ambaye si fundi niliweza kuikagua kazi kwa macho yangu. Msokoto uliofunikwa kwa tepu hauwezi kukaguliwa na mtu yeyote bila kuufungua. Springi iliyomo ndani huendelea kuubana waya hata shaba inapotanuka na kunywea, jambo ambalo bisi haliwezi kulifanya lenyewe. Upande wa nyuma kuna kitundu cha kuingizia ncha ya kipimio, kwa hiyo kiungo huweza kupimwa bila kufunguliwa.

Zile konekta za bisi za kukatwa kwa kisu, ambazo kila duka la vifaa vya umeme linazo na ambazo ukanda mzima nilioulizia ulikuwa shilingi 1,500, sizipuuzi. Zikifungwa na mtu makini, ndani ya boksi linalofunguka, zinafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba bisi likikazwa kupita kiasi hukata nyuzi za waya, likikazwa pungufu hulegea, na kwa sababu hiyo hazifai kabisa kuzikwa ndani ya lipu, kwani lazima siku moja mtu aweze kuzifikia na kuzikaza. Fundi alinitajia pia viungo vya kubanwa kwa koleo maalumu, ambavyo ni imara sana, lakini vinahitaji koleo lenyewe na si plaizi ya kawaida, naye koleo hilo hakuwa nalo.

Hata konekta za wenzo haziachwi zikining'inia ndani ya tofali. Katika kanuni za ufungaji umeme za Uingereza, nchi ambayo tumerithi kwake soketi zetu za pini tatu za mstatili, kiungo kinapaswa kubaki mahali kinapofikika kwa ukaguzi, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano kifaa kikiwa kimetengenezwa mahususi kwa kutohitaji matengenezo na kuwekewa alama ya herufi MF ndani ya duara. Fundi wetu aliishika kanuni hiyo kwa njia nyepesi: boksi la soketi lilibaki ukutani, konekta tatu zikalazwa ndani yake, na juu yake kikafungwa kifuniko cheupe kisicho na matundu kwa bisi mbili. Mtu akiwa na shaka, anazima breka, anafungua bisi mbili, anatazama. Chumbani kwa mama, ambako boksi la zamani lilikuwa limeng'olewa, alichimba na kuweka boksi jipya, kisha akavuta nyaya mpya kutoka soketi zetu za karibu, kwa kuwa ganda la zile za zamani lilikuwa limeharibika kwa urefu wa karibu shubiri moja na hazingefaa kumenywa tena.

Hapa palitokea mvutano na seremala. Kabati lake lilikuwa limekwisha kutengenezwa, mgongo wa mninga mzima, na hakutaka kuutoboa. Fundi alimwambia kwa heshima, "Kaka, kazi yako ni nzuri, lakini kifuniko hiki lazima kionekane." Nilisimama upande wa fundi. Seremala alikata dirisha dogo nyuma ya rafu ya pili na kulisawazisha kwa msasa, na sasa ukiondoa sahani unakiona kifuniko.

Upimaji ndio sehemu ya huduma ninayoipa alama za juu kabisa. Kabla ya kugusa waya wowote, fundi alizima breka ya soketi, akaibandika karatasi yenye maandishi ya kukataza kuiwasha, kisha akakijaribu kipimio chake cha ncha mbili mahali alipojua pana umeme, akapima soketi iliyozimwa, halafu akarudi kukijaribu tena palepale penye umeme ili ajue hakijafa katikati ya kazi. Bisibisi yenye kitaa, ambayo wengi wetu tunaiamini, hakuitumia. Alieleza kwamba kitaa kile kinaweza kukosa kuwaka hata waya ukiwa na umeme. Alipofika kwenye boksi la breka alizima meni swichi, akafungua ncha zote sita za ringi na kupima kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Kabla ya matengenezo, nyutro ilisoma ohmu 0.3, laivu ikasoma 0.9, na ethi haikusoma chochote kwa sababu ilikuwa imekatika. Baada ya matengenezo, zote tatu zilisoma 0.3. Waya wa shaba wa milimita 2.5 una ukinzani wa takribani ohmu 0.0074 kwa kila mita, hivyo ringi yetu ya mita kama 40 ilipaswa kusoma kiasi hichohicho. Sikuwahi kudhani kwamba namba tatu zinazofanana zinaweza kumfanya mtu apumue kwa raha kiasi kile.

Soketi ya tatu, ya barazani, ilichukua dakika kumi. Hiyo haikuwa sehemu ya ringi. Ilikuwa mwisho wa tawi lililotoka kwenye soketi ya sebuleni. Katika hali hiyo hakuna cha kuunga, na kuziba ncha zenye umeme ukutani ni kosa. Fundi aliufungua waya wa tawi kule sebuleni ulikoanzia, ukawa mfu, ndipo akaiondoa soketi.

Konekta hizi zina kasoro zake. Ya kwanza ni bei. Nililipa shilingi 2,500 kwa kila moja, kwa hiyo soketi mbili zilinigharimu 15,000 kwa konekta peke yake, na mwenye nyumba ya kupangisha yenye vyumba kumi atalihisi hilo. Ya pili ni nafasi: boksi likiwa la kina kifupi na nyaya zikiwa ngumu, kuzikunja konekta tatu humo na kufunga kifuniko bila kuzibana kunahitaji subira, na jikoni fundi alilazimika kufungua na kupanga upya mara mbili. Ya tatu, ambayo ni nzito zaidi, ni bidhaa za kuiga. Katika duka la kwanza nililoingia karibu na Soko Kuu nilipewa pakiti ya konekta zenye umbo na rangi ileile, lakini mwilini hazikuwa na maandishi ya ampea, volti wala ukubwa wa waya, na vishikio vyake vilikuwa vyepesi mno, vikiinuka kwa kuguswa tu. Nilizirudisha. Duka la pili lilikuwa na zenye maandishi kamili, na muuzaji aliniruhusu nizijaribu kwa kipande cha waya pale kaunta kabla ya kulipa. Ninashauri mnunuzi afanye hivyo, na duka likikataa aende kwingine.

Kuhusu fundi mwenyewe, ni binti aliyesomea ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi stadi cha VETA na ana leseni ya kufunga mifumo ya umeme kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo aliitoa kabla sijaiomba. Alinitoza shilingi 60,000 za ufundi kwa soketi tatu, pamoja na kuvuta nyaya mpya chumbani kwa mama na kupima ringi yote. Kazi ilichukua siku moja na nusu. Alichelewa siku ya kwanza kwa saa tatu bila kupiga simu, na vumbi la lipu alituachia sisi tulifagie, nami nilimweleza yote mawili. Matokeo ya vipimo aliyaandika nilipomwomba. Ningependa awe anayaandika kwa kila mteja bila kuombwa, kwa sababu karatasi ile nimeibandika ndani ya mlango wa boksi la breka, na fundi yeyote ajaye atajua ringi hii ilisoma ngapi ilipokuwa nzima. Waya wa ndani ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba, hautazamwi na shirika la umeme, TANESCO, kila mwaka, kwa hiyo kumbukumbu hiyo tusipoiweka sisi hakuna mwingine atakayeiweka.

Kwa msomaji anayefikiria kuifanya kazi hii mwenyewe kwa kuwa konekta zenyewe ni rahisi kufunga, ninamwomba asifanye. Urahisi upo kwenye kishikio. Kutambua kama soketi iko kwenye ringi au mwisho wa tawi, kuthibitisha kwamba waya hauna umeme, na kupima ringi nzima baada ya kazi, hayo hayako ndani ya pakiti. Kinachomfaa kila mtu ni kusimama karibu, kuchungulia kila konekta kabla kifuniko hakijafungwa, na kuomba namba za vipimo.

Oktoba iliyopita, joto la Tabora lilipokuwa kali na bati likiunguza dari mchana kutwa, nilimwomba fundi arudi afungue vifuniko vyote viwili. Alizima breka, akafungua, akanyoosha taa. Plastiki ya konekta ilikuwa bado inaonyesha ndani bila ukungu wala njano, shaba ilikuwa na rangi yake ya siku ile, na vishikio vyote kumi na viwili vilikuwa vimelala chini. Alivuta kila waya, hakuna uliosogea. Kwa ukaguzi huo hakutaka kulipwa. Nilimpa nauli na chupa ya asali. Kitanda cha mama kimerudishwa kwenye ukuta wake, na dada yangu huugusa ukuta huo kwa kiganja kila anapomaliza kupiga pasi.